Walimwosha Dada Yangu Kinywa Mara Saba

Nina miaka arobaini na tisa, na jicho langu la kushoto halioni. Ninatengeneza vyerehani hapa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska. Shule ya Wafaransa sikuikanyaga. Kifaransa nilijifunza peke yangu, kwanza kwa karatasi za maelekezo zinazokuja na mashine, kisha kwa kitabu chochote kilichonifikia. Nimezoea kufungua kitu na kukitazama kabla ya kusema. Haya ninayowaeleza, ndugu wasomaji, nimeyatazama kwa muda mrefu mno...

Echati alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Wazazi wetu, watu wa asili ya Ngazija, walifariki mapema, nami ndiye niliyemlea. Aliolewa Mahajanga na Madi, seremala wa bandarini, askari aliyerudi salama kutoka vita vya Ufaransa. Madi alikuwa mcha Mungu na mcheshi. Alitusimulia theluji, mizinga, na kambi ya mateka ya Wajerumani. Chakula cha kule hakukitaja kamwe. Nasi hatukuuliza. Nani angeuliza?

Na alimpenda mke wake! Kila walipokaa kula, tonge la kwanza alimtia Echati mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Majirani waliwacheka.

"Madi, mkeo hajaota meno bado?"

"Meno anayo," alijibu. "Naogopa akiyatumia kwangu!"

Kisha kifafa kikamwingia Echati. Mara ya kwanza alianguka juu ya jiko la makaa, na mkono wake ukaungua hadi nyama ikaonekana. Wakwe walileta waganga na ngoma za pepo. Walimfunika blanketi na kumfukiza moshi mpaka akazirai, wakasema pepo amesikia. Wiki iliyofuata alianguka tena, akajing'ata ulimi.

Nilipanda meli ya pwani, nikaenda.

Wakati huo kulikuwa na profesa wa chuo kikuu kimoja cha Ufaransa, aliyekuja hospitalini Mahajanga kuchunguza maradhi ya ubongo. Aliwapiga picha za mifupa watu wenye kifafa, kichwa na mapaja. Abudu, mdogo wake Madi, alifanya kazi pale, naye ndiye aliyekuwa mkalimani. Aliruhusiwa kuingia ndugu mmoja tu. Akaingia yeye, mimi nikabaki ukumbini.

Haikupita muda Abudu alitoka mbio, huku akitema mate. Nilimwita. Hakugeuka! Baadaye kidogo muuguzi alinitolea Echati, akiwa amelewa dawa, akanipa vidonge. Nilipoomba kumwona profesa, aliniambia ana mgonjwa mwingine, nirudi kesho.

Kesho!

Habari zilikuwa zimetutangulia. Tulipofika bombani, wanawake waliacha ndoo zao wakatutazama.

"Echati, Wazungu wamekupikia nini?" mmoja aliuliza.

"Fungua kinywa tuone mkia!" akadakia mwingine, nao wakacheka.

Hapo nilianza kufahamu kilichosemwa, na mengine nilielezwa baadaye. Profesa alionyesha picha ya paja lenye madoa meupe kama punje za mchele, akasema hao ni viluwiluwi wa mnyoo wa nguruwe, na kichwani mwa Echati wamo pia. Abudu aliposikia nguruwe hakungoja neno la pili. Alikimbia kumwambia kaka yake kwamba mke wake amekula nyama ya haramu.

Tulipofika nyumbani, Madi alikuwa uani, pembeni yake ndoo ya maji na rundo la mchanga. Uso wake sikuutambua.

"Shemeji, kaa mbali," alisema. "Hii ni twahara."

Ninyi mnaijua sheria yetu. Chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Ni sheria ya vyombo, nguo na mikono. Madi aliitumia kwenye kinywa cha mtu hai, tena kila mara kwa mchanga!

Alimwangusha Echati, akamkalia kifuani. Abudu alimimina maji, Madi akasugua kwa konzi za mchanga, akihesabu kwa sauti. Damu ilichuruzika mashavuni.

"Kaka, sijala!" Echati alipiga kelele. "Wallahi sijala!"

Nilimrukia Madi. Akaokota nyundo yake ya mbao, akanipiga usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika, na upande mmoja wa dunia ukazimika.

Nikiwa chini nilisikia, "Nne." Kisha visigino vya Echati vikaanza kupiga ardhi. Kilikuwa kifafa. Madi alidhani anampinga, akamkandamiza, akazidi kumjaza mchanga... Jino lilivunjika. Visigino vikatulia.

Sauti ya Madi haikutulia. Alihesabu mpaka saba, juu ya maiti!

Niliinuka, nikashika mchi, nikampiga nao mkono mpaka ukapinda. Majirani walioshindwa kumtoa Echati waliweza kunitoa mimi.

Hakimu aliamuru maiti ipasuliwe. Nilikataa, nililia, lakini hakuna aliyeniuliza. Profesa alipomaliza, nilimfuata nikiwa na bandeji, na kwa Kifaransa changu cha karatasi za mashine nikamuuliza hatua kwa hatua.

"Dada yangu alikula nguruwe?"

"Sijasema hivyo. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka katika choo chake. Asiponawa vizuri, mkono wake huwalisha wengine mayai hayo, na ndani yao huanguliwa, na viluwiluwi hupanda mpaka kwenye ubongo. Nilikuwa nikimweleza mkalimani, akaondoka." Akanitazama. "Nani nyumbani mwenu hula nguruwe?"

"Hakuna."

"Yupo," alisema.

Waliwapa watu wa nyumba ile dawa ya kuwaharisha ili minyoo itoke. Mnyoo ulitoka kwa mmoja tu, gerezani, mrefu kama utepe wa fundi nguo. Ulitoka kwa Madi.

Nilikwenda kumwona. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya. Alizungumza na ukuta.

"Kambini tulikula tulichotupiwa, shemeji. Walikufa waliokataa. Nilipoambiwa nguruwe yumo nyumbani mwangu, nilidhani Mungu ameitangaza siri yangu mji mzima... Nikataka dhambi iwe ya Echati, isiwe yangu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Mwenye njaa ya kufa dini yetu humruhusu kula. Mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani angemwambia hivyo, akalala usingizi. Lakini aliona aibu kuuliza, na mdogo wangu akaulipia ukimya ule kwa roho yake.

Ndugu zangu, kifafa ni ugonjwa. Daktari akiwasemesha, ngojeni mpaka amalize, na kama hamkuelewa, mrudieni. Mliorudi vitani na jambo moyoni, mwambieni mtu mmoja. Na mkitoka chooni, naweni kwa sabuni, wacha Mungu na wasio wacha Mungu sawasawa!

Madi hunitumia salamu za kuomba msamaha. Sijajibu. Kila ninapokaa kula, naliona lile tonge la kwanza mkononi mwake, na Echati akifungua kinywa huku anacheka.