Daftari la Koo la Shangazi

Kila akitoka shule, Mpelelezi alibadili sare, akanawa mikono, kisha akapiga magoti chini ya cherehani ya shangazi yake akiwa na kipande cha sumaku mkononi. Kazi yake ilikuwa kuokota pini zilizoanguka. Jina hilo alipewa na mama yake, maana msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa hajamaliza maswali aliyoyaanza alipojua kusema.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda chake. Mama alikuwa fundi bomba. Alitoka asubuhi na mkoba wa spana, akarudi jioni na matope kwenye viatu. Baba aliendesha lori, kwa hiyo mara nyingi alikuwa safarini.

Siku moja Mpelelezi aligeuza gauni la shangazi ndani nje ili alipige pasi. Akaona ubavuni mishono mitatu, kila mmoja umepita ndani ya mwenzake.

"Shangazi, umelipunguza gauni lako mara tatu?"

"Kitambaa kimetanuka."

"Kitambaa hiki hakitanuki. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Shangazi alijifanya anatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Tangu hapo Mpelelezi akawa macho. Aliona kwamba shangazi anakula matonge mawili matatu, kisha anatoka uani kama mtu aliyesahau kitu. Huko anasimama wima, ananyoosha mikono juu, anameza mate kwa shida. Siku nyingine chakula kilirudi vilevile kilivyoingia. Usiku alikohoa sana. Mwaka mzima alikuwa akitafuna vidonge vya kiungulia kutoka duka la dawa, na akiulizwa hali alisema, "Mzima kabisa, ni gesi tu."

Mpelelezi alichukua daftari lake la zamani la hesabu, akaanza kuandika kwenye kurasa za mwisho. "Jumatatu: mkate mkavu, umekwama. Jumanne: viazi vya kupondwa na mchuzi, vimepita. Jumatano: maji ya baridi, yamekwama. Maji ya vuguvugu, yamepita." Mstari wa Jumatano aliupigia mstari chini. Mkate kukwama alielewa. Lakini maji? Maji yanakwamaje?

Karibu na lango la shule palikuwa na muuza dawa za mizizi mwenye kipaza sauti. "Kifua! Tumbo! Koo! Miguu kuwaka moto! Hata mitihani!" Mpelelezi alimweleza habari za shangazi. Yule bwana hakuuliza hata swali moja. Alifunga unga wa kahawia kwenye karatasi, akasema, "Mpelekee ajaribu, akipona utaniletea wateja."

Mpelelezi alijua shangazi angekataa. Basi jioni ile, mama alipogeuka kuchukua vijiko, alimwaga nusu ya unga ule kwenye bakuli la supu la shangazi, akakoroga haraka.

Supu ilianza kuwa nzito, lakini shangazi hakuiangalia. Alimeza vijiko vitatu. Kwenye cha nne macho yakamtoka. Akashika kifua, akakohoa, akapaliwa, machozi yakamchuruzika. Mama aliruka, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni. Supu ikarudi ikiwa imevimba na kunata kama gundi. Ilichukua muda mrefu kabla shangazi hajapumua vizuri.

"Basi, wifi," mama alisema. "Hadithi za gesi zimeisha. Kesho asubuhi hospitali."

Mpelelezi alisimama ukutani. Aliisukumiza karatasi yenye unga uliobaki ndani ya mfuko.

Asubuhi walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Alisikiliza kifua cha shangazi, kisha akauliza, "Jana ulikula kitu chochote tofauti? Dawa yoyote?"

"Hapana, daktari. Supu ya kila siku."

Kalamu ya daktari ilianza kuandika. Daktari alikuwa anaandika jambo ambalo si kweli, na ni Mpelelezi peke yake chumbani mle aliyejua.

"Daktari, usiandike hivyo," alisema, sauti ikimkatika. "Shangazi hajui. Mimi nilitia unga kwenye supu yake. Nilitaka apone."

Mama alimgeukia. Mpelelezi alitoa mfukoni ile karatasi yenye unga uliobaki, akaiweka mezani. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, akatoa na daftari.

Daktari alitia chembe za unga kwenye maji. Ukavimba mbele ya macho yao. Kisha akavaa miwani na kusoma zile kurasa, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka.

"Hata maji hukwama?" alimuuliza shangazi.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Hukwama. Na nimekonda sana. Niliona aibu, daktari. Mtu mzima kutapika mezani mbele ya mtoto!"

"Hiki si kiungulia cha kawaida," daktari alisema. "Twende tukapige picha."

Shangazi alinyweshwa dawa nyeupe nzito inayoonekana kwenye picha, akasimama mbele ya mashine. Kwenye picha, mrija wa chakula ulikuwa umetanuka juu, lakini chini ulichongoka kama mdomo wa ndege.

"Inaitwa akalasia," daktari alieleza. "Mrija huu hukisukuma chakula kwenda tumboni, na mwishoni pana msuli unaofunguka kukipitisha. Kwako neva zimeharibika. Mrija hausukumi, na msuli haufunguki."

"Valvu imekwama!" mama alidakia. "Wifi, ungekuwa sinki ningekuwa nimekufungua zamani."

Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Hakuna jani au mzizi unaoweza kuifungua?" Mpelelezi aliuliza.

"Mpaka sasa hakuna uliothibitishwa. Na kitu kinachovimba ndani ya maji ni hatari kwake. Tutapitisha kooni puto dogo la kuutanua msuli, na lisipotosha kuna upasuaji. Neva hazitarudi, ataishi na hali hii. Ila kuna mambo ya nyumbani yanayosaidia sana, na mengine umeshayaandika humu."

Kabla ya kuwaruhusu waende nyumbani, daktari alimfanyia shangazi vipimo vingine, na baada ya majuma machache shangazi alipitishwa lile puto. Chakula kikaanza kushuka, ingawa si kama zamani. Nyumbani mambo yakabadilika. Chakula cha jioni kikaliwa mapema zaidi ili shangazi asilale kabla ya muda wa saa tatu au nne kupita tangu ale. Mama aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda cha shangazi, upande wa kichwa, na kikohozi cha usiku kikapungua. Mezani shangazi alikaa wima, akatafuna mpaka chakula kikawa laini, akashushia na maji ya vuguvugu. Baba aliporudi safari alimaliza sahani yake watu wakiwa hawajafika hata nusu. Mpelelezi akamwambia, "Baba, hapa siku hizi hatukimbizani," naye akaona haya, akaongeza chakula, akala nao polepole.

Bado zilikuwepo siku mbaya. Siku hizo shangazi hakwenda kujificha uani. Alisema tu, "Leo kimegoma," wakamngoja.

Jioni moja, wakikunja vitambaa, Mpelelezi aliuliza swali lililomkaa moyoni. "Shangazi, bado umenikasirikia kwa ule unga?"

Shangazi aliweka kitambaa chini.

"Ulinitisha, na nilikasirika. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi nilificha ugonjwa mwaka mzima, nikaukuza. Wewe ukaficha dawa, nusura uniue kwa mapenzi. Tulianza kupata msaada pale uliposema, 'Daktari, usiandike hivyo.' Endelea kuuliza na kuandika unachokiona. Ila usimpe mtu dawa kwa siri, na ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Daktari hawezi kutibu jambo aliloficha mgonjwa."

Mpelelezi alichukua kitambaa kingine. "Na kama ni mgonjwa mwenyewe ndiye asiyetaka kusema?"

"Basi muulize tena," shangazi alisema. "Na akikwambia ni gesi tu, niite mimi."