Mwanamke Mwenye Kalamu

Kila Alhamisi, darasa la sita la shule moja ya Antwerp lilikwenda kwenye makumbusho ya picha za kale. Wanafunzi walikula mikate yao ya chokoleti ngazini, wakafuta vidole, ndipo wakaingia.

Wiki hii Fien angeeleza picha moja mbele ya wazazi. Picha hiyo ilichapwa kwa bamba la shaba karibu miaka mia nne iliyopita, na aliyeichonga hajulikani. Mwanamke mwenye kola pana nyeupe anaandika barua, kalamu ya unyoya ikiwa mkono wa kushoto. Mwalimu Hilde alimchagua Fien kwa sababu naye ni mashoto na wenzake hawaishi kumtania. Fien alifurahi mno. Hatimaye amepata mwenzake.

Wakati wa mazoezi aliichungulia barua ile kwa lenzi. Herufi zake zilikuwa zimegeuka, kama jina lake mwenyewe lilivyogeuka alipolichonga kwenye kipande cha mpira na kulichapa darasani. Moyo ulimshuka.

"Mwalimu, huyu si mashoto. Picha ikichapwa hugeuka, kulia kukawa kushoto. Mchongaji aligeuza maandishi ya chini ya picha ili yasomeke, ya kwenye barua akasahau."

"Kadi ya maelezo iliyo ukutani inasema mashoto. Na wazazi tayari wamo njiani, Fien."

"Kadi imekosea."

"Msikieni," Wannes, mmoja wa wanaomtania, alicheka. "Mashoto anamkana mashoto mwenzake."

"Nyamaza wewe. Enzi zile mkono wa kushoto ulionekana mkosi. Nani angelipa achorwe akiutumia? Huyu alitaka mtaa mzima ujue kwamba mwanamke anaandika barua zake mwenyewe. Ndicho nitakachosema."

"Basi zamu yako nampa Wannes."

"Mpe. Mimi uongo sisemi, hata huu ninaoupenda."

Mwalimu alifungua mkoba wake. Akatoa kioo, akakielekeza kwenye picha. Ndani ya kioo barua ilisomeka vizuri, na kalamu ikahamia mkono wa kulia.

Wazazi walipofika, Fien ndiye aliyesimama mbele. Alipomaliza, Mwalimu Hilde alisema, "Mimi niliiamini kadi kwa sababu iko ukutani. Fien alitamani iwe kweli kuliko sisi sote, lakini alitazama, akasema alichokiona, hata nilipomtisha. Watoto, nanyi mkiniona nimekosea, niambieni hivyo hivyo."