Vichupa Kumi na Viwili

Kila siku masomo yakiisha, Kidoti alikwenda moja kwa moja kazini kwa mama yake. Nyumbani hakukuwa na mtu. Baba alifanya kazi mji mwingine, na tangu wahamie mtaa huu mpya, Kidoti hakuwa amepata rafiki hata mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi," mlinzi alimjibu. "Umekuja kutukagua? Leo sijasinzia, andika hivyo."

Kidoti alitabasamu, akaingia katika chumba cha wafanyakazi kusubiri. Nje ya mlango, ukumbini, friza kubwa ilinguruma peke yake.

Mama alikuwa fundi wa maabara. "Tunachukua bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho," aliwahi kumweleza, "tunavipa maelekezo ya kutengeneza protini ya msuli wa binadamu. Vikishaitengeneza, tunaichuja na kuigandisha. Hakuna mtu anayekatwa hata ukucha."

"Ikiyeyuka je?"

"Inaharibika. Na ukiigandisha tena, huwezi kuijua kwa macho."

Protini hiyo ingetumika kupima dawa ya watoto wanaolegea misuli. Mama alikuwa ameishughulikia kwa miezi miwili.

Siku hiyo mama aliitwa mkutanoni ghafla, akasahau ufunguo kwenye friza. Kidoti alimaliza hesabu, akasoma, akahesabu vigae vya sakafu. Hakuna aliyepita. Mwishowe alifungua friza, akatoa kiboksi chenye mwandiko wa mama. Kilikuwa baridi hadi kikamchoma, akakishika kwa sweta.

Ndani mlikuwa na vichupa kumi na viwili vya protini. Alivipanga mezani, safu mbili, kama darasa. "Wewe acha kupiga soga," alikionya kimoja. "Na wewe mgeni, njoo ukae na mimi."

Alipokuja kushtuka, barafu ndani ya vichupa ilikwisha kuwa maji. Alivirudisha mbio, akafunga friza.

Jioni mama alipika huku akiimba. "Kesho Daktari, mkuu wetu pale maabara, anaanza kupima dawa, mwanangu. Hatimaye."

Kidoti aliisogeza sahani yake pembeni. Upweke wa kukosa rafiki alikwisha uzoea. Huu wa kukaa bega kwa bega na mama, huku akimficha jambo, ulikuwa mpya, na ulimwelemea zaidi.

Asubuhi, mama alipokuwa akivaa viatu, Kidoti alisimama mlangoni.

"Mama, ngoja kwanza."

"Tutachelewa, mwanangu."

"Vichupa vyako viliyeyuka. Nilivitoa mimi, kisha nikavirudisha."

Mama alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Vyote?"

"Vyote. Nilikuwa nacheza navyo mchezo wa shule."

Mama hakugomba. Alivaa kiatu cha pili, akamshika mkono, wakaenda maabara wote wawili.

Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani, alikuwa tayari amejaza barafu kwenye ndoo yake ya kazi. Aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Ufunguo niliuacha mimi," mama alisema.

"Lakini mkono ulikuwa wangu," Kidoti alisema kwa sauti ndogo.

Daktari alivua miwani, akaifuta polepole. "Vile vijidudu tunavyo vingine vya akiba. Tutaanza upya, na safari hii njia tunaijua. Wiki tatu zitatosha." Akainama, akamtazama Kidoti usoni. "Umetupotezea kazi, sitakudanganya. Lakini ungenyamaza, ningepima dawa kwa protini mbovu, niseme haifai, niitupe. Mtoto anayeihitaji angeikosa, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, hujengewa makosa mengine juu yake."

Kidoti aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

Mama alimsindikiza hadi shuleni. Getini alichuchumaa, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kwa nini ulivitoa?"

"Nilitaka kuona unakaa na nini siku nzima."

Mama aliinua macho. Watoto wengine walikuwa wakiingia wawili wawili, wakicheka.

"Kuanzia leo, kila saa kumi nitatoka tunywe chai pamoja, hata kwa dakika kumi," alisema. "Nawe, upweke ukikuzidi, niambie. Ukweli si wa kusema siku ya kosa tu, mwanangu. Hata linalokuumiza moyoni, liseme."