Pole, Kiroboto, Pole

Jabu ni msichana mdogo. Ana roboti mdogo kuliko yeye.
Dada Saumu alimtengeneza kwa kopo la maziwa na magurudumu manne.

"Bibi, huyu ni kiroboti," alisema Jabu.
"Kiroboto?" Bibi akaanza kujikuna. Basi roboti akaitwa Kiroboto.

Kiroboto ana jicho tumboni. Jicho hutazama mstari mweusi sakafuni, naye huufuata.
Ana sikio pia. Ukisema "twende", anaondoka. Ukisema "pole pole", anapunguza mwendo.

Leo Bibi ameteguka mguu. Amekaa ng'ambo ya ua, hawezi kufika jikoni. Na Bibi bila kitumbua cha moto hana raha kabisa.
"Tulia, Bibi," alisema Jabu. "Kiroboto atakuletea. Naahidi."

Jabu akachora mstari kwa mkaa. Ukatoka jikoni, ukazunguka pipa la maji, ukafika miguuni pa Bibi.

"Mwambie pole pole," alisema Dada Saumu, akimpakia Kiroboto vitumbua.
"Vitumbua vitapoa," alijibu Jabu. "Twende, Kiroboto. Twende, twende, twende!"

Zuu, zuu, zuu!
Kushoto sana. Kulia sana.
Mstari uko wapi?

Paa! Kiroboto akagonga pipa. Vitumbua vikamwagika. Kuku wakala, wakapangusa midomo.

Jabu akajaribu tena. "Twende, twende!"

Zuu, zuu, zuu!
Kushoto sana. Kulia sana.
Mstari uko wapi?

Kiroboto akaingia kwenye kanga zilizoanikwa. Akatoka amejitanda kama bibi harusi. Kuku wakala tena.

Kikabaki kitumbua kimoja tu.
Jabu alitaka kulia. Alikuwa ameahidi.

"Twende," alisema kwa sauti ndogo.
Zuu! Kiroboto akaondoka. Kuku nao wakaja mbio.
Jabu akawafukuza. Hakuona beseni la kufulia.
Chubwi! Akakaa ndani, povu mpaka puani.

"Pole," alisema Bibi.
"Pole," alisema Dada Saumu.

Kiroboto akasikia. Pole. Pole.
Kumbe ni pole pole!

Zii, zii, zii.
Kushoto kidogo. Kulia kidogo.
Mstari huu hapa.

Akalizunguka pipa. Akawapita kuku. Akafika miguuni pa Bibi.
Kitumbua kilikuwa bado cha moto.

Bibi akakimega. Nusu akala yeye. Nusu akamlisha Jabu, povu na vyote.
Wakacheka mpaka Bibi akasahau mguu.

Usiku Jabu alipanda kitandani. Kiroboto alizunguka chumbani, akitafuta mstari.
Zuu, zuu... Ko! Akagonga mguu wa kitanda.

"Pole, Kiroboto," alisema Jabu, akipiga miayo. "Pole."

Zii, zii...
Zii...
Wote wawili wakalala.