Sahihi ya Herieth

Flaviana Ndunguru alikuwa anauza vitanda Keko, na pembeni anasomea shahada ya uongozi wa biashara kwa masafa. Yaani mwalimu yuko kwenye simu, darasa liko kwenye simu, na wanafunzi wenzio huwajui hata sura. Zamani ukisoma na mtu ulikuwa unamjua hadi kandambili zake. Siku hizi mna namba za simu tu, mnaitana ndugu.

Ulikuwa muhula wa mwisho. Mzee Hyder, mwenye karakana, alishamwambia duka jipya la Madale atalisimamia yeye akileta cheti. Asipoleta, anapewa mwingine. Miaka mitatu Flaviana alikuwa amesomea juu ya magodoro yenye nailoni, vumbi la mbao likimwingia kwenye nywele, kwa ajili ya duka hilo.

Chuo kilikuwa na sharti moja la ana kwa ana. Kwa Jumamosi nne, asubuhi, kwenye shule moja huko Temeke, kila mtu afike na asaini. Asiye na sahihi nne hafanyi mtihani. Lakini hawa wa masafa ni watu wenye kazi na watoto, wana desturi yao: mwenzio wa kundi akikosa, unamsainia. Huulizi. Leo kwangu, kesho kwako.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Flaviana, Augustine wa Mbagala, na Herieth Komba, ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni. Jumamosi ya kwanza Herieth hakutokea, na simu yake haikupatikana. Flaviana akasaini jina lake mwenyewe, akashuka mstari mmoja, akamsainia na Herieth. Akamwekea na kimkia mwishoni, ipendeze.

Mkono ukafa ganzi pale pale. Akasema labda kaulalia.

Jumamosi ya pili karatasi ya mahudhurio ilianzia mezani kwake. Herieth alikuwa ameshasaini. Kimkia kilekile. Wino ulikuwa haujakauka.

Akamuuliza Augustine kama ni yeye. Augustine akacheka.

"Karatasi si imeanzia kwako, da Flavi? Au mwenzetu siku hizi anasaini kwa bando?"

Jumamosi ya tatu Augustine hakucheka. Alikuja kachelewa, akavuta kiti, akaongea huku anaangalia ubao.

"Herieth amefariki. Kaka yake kanipigia jana. Walimzika kwao Mbinga."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

Ulikuwa mwezi wa tano. Karatasi ikapita mbele yao. Herieth yupo, kasaini.

"Sasa nani anamsainia?" Flaviana akanong'ona.

"Si wewe?"

Mtu mwenye akili zake angeinuka akaenda kusema ofisini. Flaviana alilifikiria hilo, tusimwonee. Ila akisema, ataulizwa ile sahihi ya kwanza aliiweka nani, na kumsainia mtu adhabu yake ni kufukuzwa. Duka la Madale ndiyo basi. Akafunga mdomo. Hakumwombea marehemu hata Baba Yetu moja. Akamwacha akae kwenye orodha ya wazima, maana kumtoa kulikuwa na usumbufu. Hakulia wala hakuogopa. Ganzi ilikuwa imeshapanda hadi begani, na anayekufa ganzi hajui anachomwa wapi.

Jumamosi ya nne, kimkia kipo.

Mtihani ulikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Flaviana akaweka mkono juu ya karatasi, na mkono ukaandika. Ulienda haraka. Uliandika majibu ambayo yeye hakuyasoma popote. Hakuihisi kalamu. Saa tatu zikapita hivyo, anautazama mkono kama mtu anayemtazama fundi kazini.

Msimamizi akapokea kijitabu, akasoma jina lililoandikwa juu, akaweka tiki.

"Asante, Herieth."

Flaviana akaokota begi lake kwa mkono wa kushoto. Akatoka.

Matokeo yakatoka kwenye simu, kama kila kitu chao. Herieth Komba: amefaulu, daraja la kwanza. Flaviana Ndunguru: hayupo.

Akaenda ofisini. Karani ni mama mmoja, Anjelina, mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Herieth. Hongera mwanangu."

Flaviana akamwambia yeye siye Herieth, yeye ni Flaviana. Akaweka kitambulisho mezani. Mama Anjelina akakitazama. Akamtazama na yeye. Akakisukuma kirudi, kwa ncha ya kidole kimoja.

"Mwanangu, marehemu hafanyiwi mchezo. Si wewe uliyetuletea taarifa?"

Akafungua faili. Karatasi nne za mahudhurio. Mstari wa Herieth umejaa. Mstari wa Flaviana mweupe, hata ile Jumamosi ya kwanza. Nyuma yake barua.

Taarifa ya kifo cha mwanafunzi Flaviana Ndunguru.

Mwandiko ulikuwa wa Flaviana, ule ule wa kuandikia oda za vitanda. Aliyesaini ni Herieth. Mhuri wa kupokelewa una tarehe ya Jumamosi ya kwanza. Flaviana akaisoma yote, taratibu, kama anasoma habari ya mtu wa mtaa mwingine. Akashukuru. Akarudi Keko.

Duka la Madale lilipewa mtu mwingine. Yeye bado anauza vitanda, mkono wa kulia unaning'inia, oda anaandikiwa na mafundi.

Barua ipo faili lile lile mpaka leo, Augustine alikwenda akaiona kwa macho yake. Imejazwa vizuri. Jina, namba ya usajili, kata, mtaa, hadi makaburi atakayolazwa. Kilichoachwa wazi ni tarehe ya mazishi tu.