Futi Aliyoondoka Nayo Samaki

Mashua iliondoka yenyewe, taratibu, kama mgeni anayetoka alfajiri asitake kuwaamsha wenyeji. Mshonaji ndiye aliyeiona. Alikuwa ameinama ukingoni anaosha birika, akainua macho, akaiona inapita mbele yake haina mtu, kamba inaburuzika majini kama mkia.

"Shemeji," aliita, "mashua inakwenda wapi?"

"Ipo hapo," alijibu Kinyozi bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, moshi umemjaa machoni.

"Haipo."

Sasa aligeuka. Alikimbia, akajitosa na suruali yake. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani, na alikuwa amebakiza kama urefu wa kasia kuikamata ile kamba, kiboko akaibuka kati yake na mashua. Alipumua kama tairi lililopasuka, akazungusha masikio. Kinyozi alirudi haraka kuliko alivyokwenda, na katika kurudi huko kisiki kilichozama kikampasua muundi, toka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Alipotambaa hadi nchi kavu, mashua ilikuwa inaingia kwenye kona. Ikazunguka mara moja, kama inaaga, ikapotea.

Ilikuwa imekwenda na unga, hema, madumu ya maji na sanduku la dawa. Wao walibaki na birika, panga, kiberiti, uzi wa kuvulia na ndoana zake, na koti la Kinyozi.

Mshonaji alichana upindo wa gauni lake akamfunga mguu. Damu ilipopungua ndipo alipouliza.

"Ulifunga fundo gani?"

"Mimi?" Kinyozi alimtazama kama aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Mimi huwa nawasha moto."

"Na nani hufunga mashua?"

Wote wawili wakautazama moto, ambao kwa kweli ulikuwa umewaka vizuri sana.

Kila kiangazi, tangu wangali vijana wa kupigania kitana, ndugu wawili walikuwa wakija kuvua katika mto huu. Mkubwa, mume wa Mshonaji, alikuwa fundi bomba mjini, lakini mtaa mzima ulimwita Nahodha kwa ajili ya wiki hiyo moja ya mwaka. Nahodha alikaa nyuma ameshika usukani. Mdogo wake Kinyozi alikaa katikati akivuta makasia, uso kwa kaka yake, mgongo kwa safari, na kwa hiyo mto wote aliujua kinyumenyume. Wakifika kambini, Kinyozi aliruka kwanza kwenda kuwasha moto. Akigeuka, mashua imeshafungwa. Hawakupangiana. Ndivyo ilivyokuwa tu, kama mlango ulivyo na bawaba upande mmoja.

Sasa Nahodha alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita. Mshonaji, ambaye miaka yote alibaki nyumbani na cherehani yake, aliomba apelekwe mara moja tu, akapaone. Kinyozi akampeleka. Na alipofika alifanya kazi yake, akamwachia marehemu ya kwake.

Dereva aliyewashusha darajani angewangoja kivukoni, mto unakoelekea, mwisho wa wiki. Kabla ya hapo hakuna wa kuwaulizia. Siku hizo simu zilikuwa bado vitu vya maofisini, vyenye waya.

Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa kama biringanya.

"Tufuate mto," alisema Kinyozi. "Aliyepotea hufuata maji."

"Kwa mashua ni mwendo gani hadi kivukoni?"

"Siku mbili, na mkondo unakusukuma. Kwa miguu, ndani ya haya matete..." Aliyatazama matete, yalivyotobolewa njia pana za viboko. "Wiki. Kama wenye nyumba wamelala."

"Na huo mguu una wiki?"

"Mimi ni kinyozi, shemeji. Ungekuwa kichwa ningekujibu."

Mshonaji aliubonyeza mguu juu ya kitambaa. Kinyozi akauma koti lake. Basi jibu likapatikana.

Ndipo Mshonaji alipokumbuka kola. Kila mwaka Nahodha akirudi, alivuta kigoda karibu na cherehani, ananuka moshi na samaki, akamsimulia mto kwa lugha ya nguo, ili naye auone. Matete yalikuwa marinda. Maporomoko yalikuwa mshono uliofumuka. Naye huku anakanyaga pedali, anasema "mm," na "kweli?", na "sogea unanizibia mwanga." Angejua kwamba sauti ile ina mwisho, angeliacha pedali likapumzika.

"Alisema pale kambini mto ni kola ya shati," alimwambia Kinyozi. "Kambi ipo ncha hii, kivuko ncha ile. Mashua inazunguka shingo nzima. Lakini mguu unakata kooni, ncha kwa ncha, jua la asubuhi likiwa usoni. Katikati kuna kifungo, jiwe la mviringo, kubwa kama nyumba, na chini yake kuna maji."

Kinyozi alicheka, ingawa meno yalikuwa yameanza kugongana. "Ni huyu huyu aliyekuambia tumevua samaki mrefu kama mlango?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa kama dirisha. Dirisha la choo."

"Najua. Lakini aliyajuaje ya huko ndani, kama hakupita?"

Kinyozi akaacha kucheka. "Kuna mwaka nilishikwa na homa hapa. Nilikuwa siwezi hata kushika kasia. Aliniacha hemani akaenda peke yake, akarudi na watu wa kivuko na dawa. Sikumuuliza alipitia wapi. Si tulikuwa hatuulizani mambo."

"Mwaka gani huo?"

"Mwaka uliompokea kwa ugomvi, ukaniambia na mimi nisikanyage kwako."

Mshonaji alisimama na panga mkononi. Aliukumbuka mwaka ule. Nahodha alikuwa amechukua futi yake ya kazi, ile ya nailoni ya njano, akapimie samaki. Akarudi bila futi. Alipoulizwa alisema samaki alikuwa mkubwa mno, ameondoka nayo. Kwa wiki nzima alilishwa chakula kisicho na chumvi. Habari ya homa hakuigusa. Alisema tu mwaka ule walivua sana.

"Twende," alisema.

Walijaza birika maji yaliyochemshwa, wakaziba mdomo wake kwa kitambaa. Mshonaji alikata gongo lenye panda, akalifunga koti juu yake ili lisimchome Kinyozi kwapani. Wakaupa mto mgongo. Kwa Kinyozi ilikuwa mara ya kwanza kwenda mahali huku akipaona mbele.

Asubuhi njia ilikuwa njema. Tembo walikuwa wamepasua barabara kati ya miiba, pana, imesagika, na jua lilikuwa palepale lilipoagizwa. Kisha jua likapanda utosini, likakataa kuonyesha upande wowote. Njia ya tembo ikagawanyika, na kila tawi likagawanyika tena. Majani yalikuwa makavu, yanavunjika mguuni kama maganda ya mayai. Walikunywa kwa kifuniko cha birika, kila mmoja akijifanya ametosheka mapema kuliko mwenzake.

"Kunywa," alisema Mshonaji.

"Nimekunywa."

"Umelowesha masharubu tu. Kunywa, nisije nikabeba na maji na wewe."

Alasiri birika lilikuwa jepesi. Kinyozi alianza kuzungumza na wateja wake, akimwomba mmoja ainamishe kichwa, amnyoe kisogo. Mshonaji alitafuta jiwe kubwa kama nyumba. Alipanda kichuguu akatazama pande zote. Nyika ilikuwa tambarare kama meza ya kukatia nguo. Hakuna nyumba, hakuna jiwe.

Hapo ndipo hofu ilipomkaa. Alikuwa amemtoa mgonjwa kwenye maji, akamleta kufia ukavuni, kwa maneno ya mtu ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimcheka kwa uongo wake wa samaki.

"Shemeji," Kinyozi aliita toka chini. Sauti yake ilikuwa imerudi, nyembamba. "Niache hapa. Ukiwa peke yako utawahi. Kisha ulete watu."

"Nimeshazika mtoto mmoja wa mama yenu mwaka huu. Wa pili simtaki."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Inuka."

Alishuka kumwinua, akashika tawi la mwiba ili asianguke, na kiganja chake kikagusa kitu laini. Kilikuwa kipande cha utepe, kimepauka na jua, kimefungwa kwenye tawi kwa mafundo mawili. Alikigeuza. Upande wa ndani, ambao jua halikuufikia, ulikuwa bado wa njano, na juu yake zilionekana namba.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kidole gumba cha mshonaji hakisahau.

"Hii ni futi yangu," alisema.

Kinyozi alisogea kwa magoti. Wakatafuta pamoja, macho yakiwa usawa wa kichwa cha mwanaume mrefu, na mbele kidogo wakaona kingine, na kingine. Mahali pengine miti ilikuwa imevunjwa na tembo na hapakuwa na kitu. Walisimama hapo, Mshonaji akaenda huku na huku hadi akapata kinachofuata. Kila alichokipata alikifungua, akakiweka kifuani. Mwanaume yule alikuwa amekata futi vipandevipande, akaifunga kwenye miti, peke yake, ili akirudi na dawa asipotee ndugu yake akamfia hemani. Kisha akaja nyumbani akasema samaki.

Jiwe lilikuwa nyuma ya kichaka. Lilikuwa la mviringo, kweli. Ukubwa wake ulikuwa wa kochi.

"Kama nyumba," alisema Kinyozi.

"Nyumba ya kuku," alisema Mshonaji, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wakacheka pamoja, bila sauti, kwa sababu majini walikuwepo tembo.

Walikuwa majike na watoto wao, wamelizunguka dimbwi, wanajimwagia tope kama watu wasio na haraka na maisha. Maji yalikuwa pale pale, yanaonekana. Mshonaji alirusha vumbi kidogo kuona upepo. Ulikuwa unakuja kwao. Wakalala kifudifudi. Kinyozi alitetemeka kwa homa hadi ndoana zikalia mfukoni, naye Mshonaji akauweka mkono juu ya mfuko ule akaubana. Jike mmoja aligeuka, akainua mkonga, akanusa. Akasimama hivyo. Halafu mtoto akateleza topeni, jike akaenda kumwinua, na maisha yakaendelea.

Tembo waliondoka jua likiwa limelala juu ya miti. Waliacha maji mazito kama uji. Mshonaji aliyachuja kwa gauni, akayachemsha, akayachuja tena. Yalinuka zizi. Kinyozi alikunywa birika zima, akasema hajawahi kunywa chai mbaya kama ile, na akaomba nyingine.

Asubuhi hakuweza kusimama. Mshonaji alikata miti miwili, akafunga koti katikati kwa uzi wa kuvulia, akamlaza, akaivuta ile machela kama ng'ombe wa jembe, jua usoni. Uzi ulimkata mabegani. Alipochoka alihesabu mishono, kama alivyofanya usiku wa kazi za harusi: huu mmoja, halafu mwingine, usiitazame nguo nzima. Vipande vya futi viliendelea kutokea, hapa kimoja, pale kimoja.

"Alikuwa akiogopa, unajua," Kinyozi alisema toka chini, macho yakitazama anga na njia waliyotoka, kama desturi yake. "Mamba, nyoka, kila kitu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwenye usukani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama."

"Hakuniambia."

"Ungemkataza kuja."

"Ningemkataza."

"Basi. Samaki alikuwa akiwarefusha, hatari akaifupisha. Mwisho wa yote vipimo vikalingana."

Mshonaji alisimama. Alikuwa amesikia chuma cha kivuko kikigongana mbele.

Kivukoni watu wote walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama mto. Mashua ilikuwa imeshafika kabla yao, na watu walikuwa wameikuta haina mtu, imekwama kwenye waya wa kivuko. Dereva alikuwa ameitwa, ameketi juu ya gurudumu la akiba, kofia mkononi. Walikuwa wakingoja maji yalete miili. Hakuna aliyetazama nyuma, hadi sauti ya mwanamke ilipowaambia, toka porini, kwamba kama wameshamaliza kuutazama mto, wamsaidie kubeba.

Walipompitisha Kinyozi karibu na mashua, aliinua shingo. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, vizuri, mafundo mawili.

"Nani amefunga?" aliuliza. Watu wakadhani ni homa.

Mguu ulipona. Ulibaki ukichechemea kidogo, na Kinyozi akawa anawaambia wateja kwamba kiboko alimng'ata. Mshonaji alikuwa akimsikia kutoka upande wa pili wa barabara, wala hakumsahihisha.

Kiangazi kilichofuata walirudi. Mshonaji alikaa nyuma, kwenye usukani, Kinyozi katikati, mgongo kwa safari, uso kwa shemeji yake. Walipofika kambini aliinuka kuruka, kisha akakaa tena, akangoja. Mshonaji alishuka na kamba, akafunga, akavuta mara mbili.

"Sasa nenda kwenye moto wako," alisema.

Jioni walivua samaki mmoja, wa kawaida. Mshonaji alitoa mfukoni futi ya njano. Alikuwa ameiunga kwa mkono, vipande vyote alivyovipata. Vile ambavyo tembo walivila au upepo ulivichukua havikuwepo, hivyo namba zilikuwa zikienda vizuri, kisha zinaruka, kisha zinaenda.

Kinyozi alimnyoosha samaki juu ya jani, akaweka futi kichwani, akaifuata hadi mkiani, akasoma. Akasoma tena.

"Shemeji," alisema. "Ni kama mlango."

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Futi yako ndiyo inayosema."

Mshonaji aliinama, akaitazama namba kwenye mkia. Mto ulikuwa ukipita, mashua inagusagusa ukingo kwenye kamba yake.

"Basi ndivyo alivyo," alisema.