Cheti cha Marehemu Kiliwekwa Mbele

Nilishasema sitaki kuisimulia habari hii, na bado mnanisogezea kigoda kama vile mimi ni redio ya kubonyezwa. Haya. Lakini asinikatize mtu, na atakayeogopa asije kunishika kanga. Shule niliishia darasa la tatu. Mambo ya kompyuta nitayaeleza kama nilivyoyaona kwa macho, na anayejua zaidi akae na ujuzi wake.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa na duka la steshenari. Chumba kimoja, kompyuta mbili, printa, na ile mashine ya kuskani yenye taa inayotembea chini ya kioo. Mimi nilikaa mlangoni nikiuza bahasha na kalamu, maana mwanangu yuko njiani na lori miezi yote, na nyumbani peke yangu nitaongea na nani, na masufuria?

Kazi kubwa ya mkwe ilikuwa kuunganisha. Siku hizi ukiomba kazi hawataki bahasha yako. Wanataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha chuo, kitambulisho, picha na barua, vyote viwe kitu kimoja kiitwacho pidiefu. Mtu anakuja na karatasi zake zimejikunja kama majani ya mgomba, mkwe anaziskani moja moja, anaingia mtandaoni mahali pa kuunganishia, anazitupia humo, anazipanga ipi itangulie ipi ifuate, anabonyeza, na zile tano zinarudi moja. Na kila mteja alimwambia maneno yale yale, hata mimi nikayakariri: "Angalia unachoweka mbele. Faili zima linabeba jina la karatasi ya kwanza."

Yeye mwenyewe ndiye aliyesahau.

Binti yake wa pekee, mjukuu wangu, alisomea unesi na mtihani wa mwisho ukamwangusha. Si mjinga yule mtoto. Ni kwamba akiona damu anakaa chini. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, nesi gani anayezimia kabla ya mgonjwa?" Akacheka. Mama yake hakucheka. Ilitokea nafasi ya kazi kwenye zahanati, mwisho wa kupokea maombi ni siku ile ile saa kumi jioni, na cheti cha chuo hana.

Sasa wiki moja nyuma alikuja mama mmoja mtu mzima, amefiwa. Binti yake alikuwa nesi. Alileta karatasi za marehemu ziunganishwe zipelekwe ofisini alikokuwa akifanya kazi, na ile bahasha aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Kazi ilipokwisha akamwambia mkwe, "Mwanangu, nakuomba uzifute humo. Sitaki karatasi zake zibaki kwenye mashine ya watu."

"Nitafuta, mama. Usiwe na wasiwasi."

Hakufuta. Na siku ile, saa tisa na nusu, nilimwona anakitoa cheti cha marehemu, anaweka weupe juu ya jina, anaandika jina la mwanawe juu ya ule weupe. Kikapendeza. Kwa kuwa ndicho kilichopendeza kuliko vyote, akakiweka mbele. Mimi niliona nikanyamaza. Hilo nalisema kabla hamjaniuliza.

Akabonyeza. Akahesabu kurasa kwa kidole, akahesabu tena. Halafu akaniita kwa sauti ndogo.

"Mama, hebu njoo unihesabie."

"Nikuhesabie nini, mtu mwenye kompyuta mbili?"

"Nimeweka tano. Zimetoka sita."

Nikasogea. Ukurasa wa sita haukuwa na maandishi. Ulikuwa wa kijivu, na ukiuangalia vizuri ulikuwa shuka, shuka la pamba lenye mikunjo, mahali mtu alipolala akaamka. Akaufuta, akaunganisha upya. Sita. Akarudia. Sita. Chumba kikaanza kunuka spiriti, ile ya kufutia ngozi kabla ya sindano, na hakuna mwenye chupa.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa. Akatuma hivyo hivyo.

"Imeandika limepokelewa?" nikamuuliza.

"Limepokelewa."

"Kwa jina la nani?"

Akageuza kioo cha kompyuta ukutani nisisome. Lakini jina la marehemu nilikuwa nimeshaliona wiki iliyopita, na hata wa darasa la tatu anatambua herufi alizokwisha kuziona.

Kesho yake ile mashine ya kuskani iliwaka taa yenyewe. Taa ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi, taratibu, kama mtu anayepita kukagua vitanda. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Siku ya pili vikaanza viatu. Viatu vya mpira, nyi, nyi, nyi, juu ya sakafu nyuma ya kaunta, mchana kweupe, wateja wamesimama wanasubiri. Mteja mmoja akauliza, "Mna mtu huko nyuma?" Mkwe akajibu, "Ni panya." Mteja akaangalia ule ukuta, maana nyuma ya kaunta kuna ukuta tu, akachukua karatasi zake akaenda zake.

Siku ya tatu mjukuu wangu alikuja dukani saa sita, akaketi karibu yangu, akanishika kifundo cha mkono. Si kunishika kwa mapenzi. Vidole viwili, hapa penye mshipa, macho ameyatupa juu ukutani pasipo na saa.

"Mke mwenzangu, unanikamata?"

"Tulia, mgonjwa," akasema. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mwanamke aliyekwisha kuchoka na zamu. Akahesabu kwa kunong'ona mpaka thelathini na mbili, akaniachia, akauliza, "Mama yangu bado hajaja na bahasha?"

Mkwe alikuwa amebeba bunda la karatasi. Likamponyoka lote.

Tangu saa ile tukawa hatuna tena mchana wala amani, maana kila mkwe alipolifungua lile faili kuangalia kurasa zimefika ngapi alizikuta zimeongezeka, saba, halafu tisa, halafu kumi na nne, na zile za nyongeza zilikuwa wodi, vitanda vimepangwa vinaonekana kwa mbali kutoka mlangoni, na kesho yake vitanda vimesogea, na keshokutwa vimesogea zaidi, mpaka kikabaki kitanda kimoja kimejaa kioo kizima na juu yake amelala msichana ametupa mgongo, ana nywele zimesukwa mistari sita kama nilivyomsuka mjukuu wangu kwa vidole vyangu hivi, na mjukuu mwenyewe huku nyumbani anapungua, hali, hanywi, anatandika vitanda vya nyumba nzima kwa pembe zilizonyooka kama kisu, amesahau njia ya chuo, amesahau wimbo aliokuwa akiuimba bafuni tangu mdogo, na siku nilipomwogesha nikatafuta kovu la goti alilolipata akiwa na miaka minne, alipoanguka nikiwa namtazama, nikalikosa, ngozi imekuwa nyororo kabisa, imefutwa kama lile jina lilivyofutwa.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia sana, lakini nililia.

Mkwe alipiga simu kule zahanati. "Naomba mlirudishe lile faili. Nimekosea."

"Limeshapokelewa, mama. Hongereni, mwombaji wenu amefanya vizuri. Aje Jumatatu." Na yule mtu wa simu akamtaja mwombaji kwa jina la marehemu.

Mkwe akakaa chini sakafuni na simu mkononi. "Mama," akaniambia, "nitafanya nini? Niambie chochote. Nitakifanya."

"Ulipokuwa unafuta jina la maiti ya watu uliniuliza?" Ndivyo nilivyomjibu, na sijutii. Halafu nikanyanyuka nikamtafutia mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuja na kibuyu wala manyoya. Aliingia dukani saa saba mchana, akanusa, akafunga mlango, akaanza kuuliza.

"Nani aliunganisha?"

"Mimi," mkwe akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mkwe akaanza kupanga kalamu za kaunta zilizokwisha kupangwa.

"Yule nesi alikuwa kiti cha jini, lilimkalia tangu angali hai," mganga akasema. "Kiti kimekufa, jini limebaki limejishika kwenye jina. Wewe umelifuta jina, ukamwandika mwanao juu yake, halafu ukaliweka mbele liongoze. Umemtandikia jini kiti kipya kwa mkono wako. Kamlete mama wa marehemu."

Mkwe akaenda. Sijui alimwambia nini njiani, lakini yule mama aliingia na uso kama ukuta. Akasema neno moja tu: "Nilikuomba ufute."

Mkwe akapiga magoti. Yule mama akampita.

Mjukuu wangu tulikuwa tumemlaza kwenye benchi ya wateja. Alipomwona yule mama alikaa, akanyoosha mikono, na ile sauti ya mtu wa zamu ikatoka: "Mama, umechelewa. Nimekusubiri mno."

Jamani. Yule mama alitetemeka mpaka mkufu wake ukawa unalia. Alipiga hatua moja. Nikasema moyoni, huyu atamchukua, na nani atamlaumu? Akasimama. Akajifunika mdomo kwa kiganja, akautoa mkono, akasema polepole, "Sauti ni yake. Wewe si yeye. Mwanangu nilimfunika mwenyewe." Akarudi nyuma, akamgeukia mganga. "Litoeni."

"Mkono uliounganisha ndio utakaotenganisha," mganga akasema.

Mkwe akakaa kwenye kompyuta. Akaingia mtandaoni, pale pale, upande wa kutenganishia, akaanza kutoa ukurasa mmoja mmoja. Alipotoa ukurasa wa kitanda, msichana akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Alipotoa wa wodi, viatu nyuma ya kaunta vikaanza kukimbia, nyi nyi nyi nyi, huku na huku, na taa ya mashine ikawa inapita kasi mpaka kioo kikapasuka. Akatoa barua, kitambulisho, picha. Akakitoa cheti cha marehemu, na spiriti ikanuka hadi machozi yakatutoka sote wanne.

Ukabaki ukurasa mmoja, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu. Akauvuta, ukarudi. Akauvuta tena, ukarudi.

Sauti ikatoka kinywani mwa mtoto bila midomo kusogea. "Niliwekwa mbele. Sitoki mikono mitupu."

"Unataka nini?" mganga akauliza.

"Mstari mmoja."

Mganga akamgeukia mkwe. "Kilichoandikwa kwenye mstari huo jini litaondoka nacho, na mtoto hatakuwa nacho tena maisha yake yote. Uchague wewe."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Umwache hapo alipo."

Msichana alikuwa anaanza kuwa wa bluu kwenye midomo. Mkwe akasoma kwa sauti, anasoma huku analia. Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la baba. Jina la mama. Akasema jina la mtoto hawezi, akilitoa hilo amebaki na nini. Tarehe hawezi, asije akawa hajazaliwa. Kile kishale cha kompyuta kikashuka kikasimama juu ya jina la baba. Jina la mwanangu, aliye njiani na lori, asiyejua lolote, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kikakaa pale. Nilimwangalia tu, na yeye akanigeukia, tukaangaliana kwa muda ambao mtu angemaliza kunywa maji.

Akashusha kishale mstari mmoja chini. Akafuta jina lake mwenyewe, jina la mama.

Viatu vikatembea kutoka nyuma ya kaunta, vikapita katikati yetu, mlango ukafunguka wenyewe na kujifunga. Harufu ikakatika kama uzi.

Mjukuu wangu akapiga chafya, akafumbua macho. "Bibi," akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya kukwaruza, "nina njaa jamani, mbona mnaniangalia hivyo?" Nikalishika goti lake. Kovu lipo. Nikamuuliza baba yake yuko wapi, akasema yuko safari na lori. Nikamuuliza mimi nani, akasema, "Bibi mwenye maneno mengi." Nikamshukuru Mungu.

Mkwe akamrukia, akamkumbatia, akamlowanisha bega kwa machozi. Mtoto akakubali kukumbatiwa kwa adabu, mikono ameiacha pembeni, akanichungulia juu ya lile bega na kuninong'oneza, "Bibi, kwani huyu amefiwa?"

Mwaka wa pili sasa. Zahanati walifuta maombi, na mtoto amerudia mtihani wake, safari hii kwa kichwa chake. Mkwe anaishi nasi nyumba ile ile. Tumemwonyesha msichana picha, tumemweleza, baba yake amemweleza mpaka amepiga meza. Anasikiliza, anaitikia, na kesho asubuhi hakuna kitu. Anakula chakula cha mama yake, anamwambia asante kama mgeni, anamsaidia kuosha vyombo, na kwa kuwa ni mtoto mwenye heshima anatafuta la kuzungumza naye.

"Wewe una watoto wangapi?" anamuuliza.

"Mmoja."

"Anakutembelea?"

Na mkwe wangu anaendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata.